Kona ya mtoto ya kuchora na kusomea: kipi kinunuliwe kwanza

Ingia duka lolote la vitu vya watoto Kariakoo useme unatafuta vifaa vya kuchorea. Utawekewa mbele seti: meza ya plastiki yenye katuni, kiti chake, na sanduku la rangi lenye kila kitu hadi mkasi usiokata. Seti hizo zimetengenezwa zimvutie mzazi. Mtoto wa miaka mitatu hadi minane anahitaji mahali papana pa kuchorea, karatasi zisizoisha na rangi chache zinazokolea, na hela ifuate mpangilio huohuo. Mpangilio wangu unafikiria nyumba ya kupanga, ambamo mwenye nyumba hataki kuona ukuta umeguswa.

Namba moja: ubao mweusi wa plaiwudi. Sioni cha kushindana nao. Shiti moja la futi 4 kwa 8 ukilikatisha katikati hukohuko dukani, unapata mbao mbili za futi 4 kwa 4, moja yako na moja ya jirani. Piga msasa, paka rangi ya ubao mikono miwili, acha ikauke vizuri. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaporuka, laza chaki ubavu uusugue ubao wote, halafu ufute. Usipofanya hivyo michoro ya kwanza itaacha alama zisizotoka. Usiutundike. Uusimamishe sakafuni, uegemee ukuta, ufungwe kwa juu usije ukamwangukia mtoto. Akisimama anachora kwa mkono mzima, na akikosea anafuta bila kukuomba karatasi nyingine. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Namba mbili: meza ya chini ya seremala. Mafundi wa samani wa Keko, Dar es Salaam, wataitengeneza vizuri, ila nenda na vipimo, kwa sababu ukisema tu "ya mtoto" utapewa meza ya kahawa. Viwango vya Ulaya vya samani za shule vinasaidia hapa: mtoto mwenye urefu wa sentimita 93 hadi 116, kiti kiwe na kimo cha sentimita 26 na meza 46, akifika kama 120, kiti 31 na meza 53. Usimnunulie kubwa "akue nayo". Miguu ikining'inia, mtoto hatulii, na utasema ni mtundu. Afadhali umwambie fundi afunge miguu kwa bolti, ibadilishwe baadaye. Pembe ziviringwe. Vanishi imalize harufu kabla meza haijaingia ndani.

Ubao mweupe nauweka wa tatu, na unapanda hadi wa kwanza kama nyumbani kuna mtu mwenye pumu, kwa kuwa hauna vumbi la chaki. Kasoro yake ni kalamu: hukauka zikiachwa bila kifuniko, na siku mtoto atakapookota maka ya kudumu badala ya ile ya kufutika, utakuwa umepata mchoro wa milele.

Meza ya plastiki ni ya nne. Ni nyepesi, inaoshwa, inafaa kwa wanaohamahama. Inayumba. Yale madawati yanayopiga nyimbo za alfabeti waachie wenyewe wauzaji.

Kwa upande wa rangi, anza na kreoni nene, kumi na mbili zinatosha. Ni nta, kwa hiyo hazikauki wala hazimwagiki, na zikivunjika vipande vinaendelea kuchora. Penseli za rangi zifuate mkono ukishapata nguvu. Rangi ya maji nunua nyekundu, njano, bluu na nyeupe tu, zilizobaki achanganye mwenyewe. Kwenye pakiti tafuta maandishi EN 71, kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya kuchezea, au alama ya AP, ya Marekani, inayoonyesha kwamba rangi haina sumu. Pakiti isiyo na maandishi yoyote irudishe. Na usimpe rangi ya mafuta iliyobaki kwa fundi wa nyumba. Najua mchoraji Edward Said Tingatinga alianza hivyo, mwaka 1968, na vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa, lakini alikuwa mtu mzima. Rangi za aina hiyo zina kiyeyushi kikali, na baadhi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Karatasi: rimu ya A4 ina karatasi 500, na ofisi nyingi hutupa zilizochapwa upande mmoja, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Ongeza manila chache kwa michoro mikubwa, kamba, na vibanio vya nguo vya kuitundikia.

Vifaa vya shule nunua Oktoba au Novemba. Januari, shule zinapofunguliwa, maduka yanajaa, na muuzaji hana sababu ya kukupunguzia.