PixPlot: programu inayozipanga picha zako kwa sura, siyo kwa tarehe

Wadau, karibuni. Leo naongea na wapiga picha wa Dar: kicheni pati Ijumaa, sendofu Jumamosi, harusi wiki ijayo. Ikifika Desemba diski imejaa folda, nyingine umeziandika "mpya", nyingine "mpya kabisa". Mteja anapiga simu: "Kaka, ile picha ya meza ya shangazi zangu waliovaa vitenge vya njano." Unaanzia wapi?

Programu ya leo inaitwa PixPlot. Imetengenezwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa ajili ya watafiti wenye maktaba kubwa za picha, na ni ya bure. Jina la faili haina shida nalo. Inaangalia picha yenyewe.

Inavyofanya kazi: kila picha inapitishwa kwenye mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutambua vitu kwa kuonyeshwa mifano mingi. Huu unaitwa Inception, uliofunzwa kwa picha za makundi 1,000 ya vitu. PixPlot haisubiri jibu la "hiki ni kiti" au "hii ni mbwa". Inachomoa namba 2,048 zinazoelezea mwonekano wa picha, zinazopatikana hatua moja kabla ya jibu, kisha hesabu iitwayo UMAP inazipunguza hadi namba mbili, zinazotosha kuiweka picha mahali pake kwenye ramani. Zinazofanana zinakuwa majirani.

Tazameni skrini. Hii yote ni ramani, navuta karibu... hapa keki tupu, za harusi tofauti kabisa. Kule kumbi zenye taa za zambarau. Huu mkia mrefu ni maharusi wa Coco Beach, bahari nyuma. Na hawa hapa, vitenge vya njano! Sare za kwetu zinaisaidia sana hii programu, maana ukoo mzima umevaa kitambaa kimoja. Unazungushia kundi mstari, unazitoa zote kwa pamoja.

Ila angalieni hapa: gauni la bibi harusi limekaa pembeni ya turubai jeupe. Haijui maana, inajua mwonekano. Na shangazi akibadilisha nguo usiku, anahamia mtaa mwingine wa ramani. Kama unatafuta mtu kwa uso wake, tumia digiKam, nayo ya bure. Hiyo hiyo digiKam inakutafutia picha pacha, zile ulizobonyeza mfululizo. Unaipangia asilimia ya kufanana halafu unafuta. Ukweli, wengi wenu mnahitaji hiyo kwanza.

Video je? PixPlot inakula picha tu, kwa hiyo unatangulia na ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri, kukata fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Usikate zote: saa moja ya fremu 25 kwa sekunde ni fremu 90,000. Kata moja kila sekunde, zinabaki 3,600, na namba ya faili inakuonyesha sekunde ya kurudi kwenye video. Kwa mhariri anayetafuta vipande vya droni ndani ya saa nyingi za video, hapo ndipo nilipoipenda.

Sasa kero. Hakuna kitufe cha kubofya, unaandika amri. Inataka Python, lugha ya kompyuta iliyoandikiwa, tena toleo la zamani, 3.7, na ukiwa na mpya zaidi utagombana nayo. Kuisakinisha kunakula bando la kutosha. Laptopu isiyo na kadi nzuri ya michoro iache ifanye kazi usiku, na hakikisha LUKU ina uniti.

Ikishamaliza, ramani inafunguka kwenye brauza lakini picha zinabaki kwenye mashine yako. Hilo kwangu ni kubwa kuliko uzuri wa ramani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na sura za wageni waalikwa si za kupandisha kwenye seva ya mtu usiyemjua kwa sababu tu huduma ni ya bure.

Amri ya ffmpeg nimeiweka kwenye maelezo chini ya video. Ukikwama kwenye Python, andika ujumbe wa kosa kama ulivyo, usiniandikie "imegoma" tu.