Safari za wazee kujifunza mazingira hapa Mbeya: somo nawapa 9, magoti yetu nawapa 4

Nimeshaenda nao mara nne kwahiyo naona sasa naruhusiwa kusema. Kuna kikundi cha vijana hapa mjini, wengi wamesomea misitu na wanyamapori, wanabeba wastaafu mara moja kwa mwezi siku ya Jumamosi, mnaenda sehemu moja, mnafundishwa huko huko, jioni mnarudi. Sio ile safari ya kupiga picha mkiwa mmepanga mstari halafu mnapanda gari. Ni darasa kabisa, ila halina dawati wala mtihani. Jina lao silitaji maana nina mazuri na mabaya na wengine ni watoto wa majirani zangu, wakisoma watajijua.

Mjue na anayeongea ni nani. Mi nimeendesha treni ya TAZARA mpaka nastaafu. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi na kipande changu kikubwa kilikuwa Makambako mpaka Tunduma, yani ukitoka Chimala unakuja Mbeya hii milima yote ya Uporoto iko mkono wako wa kushoto, nimeiangalia kupitia dirishani miaka na miaka, asubuhi, jioni, mvua, jua, na sijawahi hata siku moja kuweka mguu huko. Mke wangu alivyosikia nataka kulipa elfu 30 kwenda kuangalia ziwa akaniuliza kama Nyasa nimeichoka.

Hiyo elfu 30 ni Kosta, chai asubuhi, chakula cha mchana na mwalimu. Kitulo tuliongeza kidogo kwa ajili ya kiingilio cha hifadhi. Unalipa kwa simu, unawekwa kwenye grupu la wasapu ambalo nawashauri mlizime sauti mapema maana kuna wazee wenzetu wanatuma salamu za asubuhi saa 10 usiku.

Safari ya kwanza ilikuwa Ngosi, lile ziwa la juu mlimani, mwezi wa 5 mwishoni, mvua ndo zinaishia. Tuliambiwa tukutane Uyole saa 12 kamili. Sasa mzee ukimwambia saa 12 yeye saa 11 na nusu yuko pale na kikoti na chupa ya chai, na Uyole asubuhi ya mwezi huo mnaijua nyie wenyewe baridi yake. Kosta ilikuja saa 2 kasoro robo. Hakuna aliyeomba samahani vizuri, dogo mmoja akasema "foleni wazee wangu", foleni gani Jumamosi saa 12 asubuhi Mbeya?

Lakini baada ya hapo aisee. Tulivyofika juu karibu na Isongole wakasimamisha gari, mwalimu akashuka na kijiti akachora chini kwenye udongo kilima, kisha akachukua chupa ya maji akamimina juu ya kile kilima. Maji yakashuka njia tatu. Akasema wazee, hivi ndo nyumbani kwenu mlivyo. Mvua ikinyesha upande mmoja wa milima hii inaingia Kiwira na wenzake inakwenda Ziwa Nyasa, toka pale Shire, toka pale Zambezi, mpaka baharini Msumbiji huko. Upande mwingine inashuka Usangu, Ruaha Mkuu, inapita Mtera, Kidatu, inaingia Rufiji. Na upande wa tatu inaingia Songwe inakwenda Rukwa na ikifika Rukwa ndo imefika, hamna pa kutokea. Mzee mmoja akapinga palepale, Songwe inakwenda Nyasa bwana mi nimezaliwa mpakani na Malawi. Kumbe wote wako sahihi, Songwe ziko mbili! Umri huu nimeishi hapa nimejua siku hiyo kwamba mito miwili tofauti ina jina moja.

Halafu akatugeuzia, akauliza nani hapa alikulia bondeni Usangu. Mama mmoja akanyoosha mkono. Akamwambia mama tuambie Ruaha ilikuwaje kiangazi ulipokuwa mtoto. Yule mama akaongea robo saa nzima, samaki, mitumbwi, jinsi walivyokuwa wanaogopa kuvuka. Mwalimu alikuwa kimya anaandika kwenye daftari lake. Alipomaliza ndo akasema kuanzia mwaka 1993 Ruaha imekuwa ikikauka kipande cha chini kila kiangazi, kwa sababu maji yanachepushwa kwenda mashambani huku juu na ardhioevu ya Ihefu imepungua. Hiyo ndo sababu nawapa 9 kwenye somo. Wanajua kwamba mwanafunzi wao kaja na kitu kichwani.

Haya, sasa magoti. Ngosi sio matembezi jamani, ule ni mlima, umepita mita 2,600, na kile kipande cha mwisho kwenda ukingoni unapanda na mikono. Tangazo liliandika "matembezi mepesi". Mepesi kwa nani? Ilikuwa tope, mizizi, mianzi imeangukia njia, walitugawia fimbo na mi fimbo yangu ilivunjika nikashuka kipande kizuri kwa makalio kama mtoto. Wenzetu sita walishindwa njiani wakarudishwa kwenye gari wakakaa na dereva zaidi ya masaa matatu, hamna mwalimu, hamna kitu, wanasikiliza redio. Na wamelipa elfu 30 ile ile. Hiki kitu kiliniuma kuliko kuchelewa. Walimu walikuwa watatu, wangemwacha mmoja chini, msitu wa chini pale una mambo mengi tu ya kufundisha, migomba pori ile mikubwa, mbega wanaruka juu, sio lazima kila somo liwe kileleni.

Tuliofika juu tulikuta ukungu mtupu. Tukakaa. Mwalimu ndo akatoa kinyonga, nadhani alikuwa amemuona muda mrefu anasubiri tu wakati, mwanaume ana pembe tatu usoni kama kifaru wa kuchezea. Wazee walivyotawanyika! Watu wamesafiri dunia hii, wamefanya kazi benki, wamefundisha sekondari, lakini kinyonga ni kinyonga. Aliyekubali kumshika ni nesi mstaafu mmoja, akatulia naye mkononi kama anampima mtu mapigo ya moyo. Tukaelezwa kwamba huyu mwenye pembe tatu ni wa milima yetu hii ya kusini, hutamkuta Usambara wala Kilimanjaro, kwasababu kwake mlima wenye baridi ni kama kisiwa, joto la bondeni ndo bahari yake, hawezi kushuka Usangu akavuka akapanda mlima mwingine. Kwahiyo ukikata msitu huu hana pa kuhamia. Wakati tunaongea hayo ukungu ukafunguka lile ziwa likatokea chini kule, kijani, limetulia kabisa. Watu wakanyamaza. Dakika kama kumi likafungwa tena.

Safari ya pili, Daraja la Mungu na Kijungu kule mto Kiwira, sina mengi, ndo safari rahisi kuliko zote, anayeogopa aanze na hii. Mnashuka kidogo mnaona jinsi lava ilivyoganda ikawa daraja na Kiwira inapita chini yake. Kilichonifurahisha ni maelezo kwamba ardhi ya Rungwe bado hai, mlima Kyejo ulitoa lava miaka kama 200 tu iliyopita, yani babu wa babu zetu walikuwepo, na kwamba huko Busokelo kuna gesi ya kaboni inatoka ardhini inavunwa inawekwa kwenye soda. Hapo kila mtu akaiangalia soda yake. Chakula cha siku hiyo kilikuwa cha Tukuyu, ndizi na maharage na parachichi kama kichwa cha mtoto, ndaga fijo, yani asante sana. Siku ya Ngosi ilikuwa wali na soda, na nusu ya gari tuna sukari, sijui walifikiria nini.

Ya tatu ilikuwa chini ya mlima Rungwe kwa ajili ya kima anaitwa kipunji. Hatukumuona, nawaambia mapema msije mkalaumu, anakaa juu sana kwenye miti na kwa hesabu iliyotangazwa 2008 walikuwa kama 1,100 tu duniani. Ila kisa chake ni kitamu. Watafiti walikuwa wanasikia wawindaji wa Kinyakyusa wanataja kima anaitwa kipunji wakadhani ni hadithi za kijijini, mwaka 2003 ndo wakamuona kwa macho, 2005 wakamtangaza, mwaka uliofuata wakakuta ni wa peke yake mpaka wakampa jenasi yake mwenyewe. Mama mmoja wa Rungwe akacheka sana, akasema baba yangu alikuwa anamfukuza shambani kwenye mahindi, angewauzia huo ugunduzi. Mwalimu alimpisha kwenye jiwe alilokuwa amesimama yeye, akasema mama endelea wewe. Akaendelea kweli, tukachelewa kula.

Sasa Kitulo. Tulienda Februari na nawaambia mkienda mwezi wa 8 mtakuta majani na baridi tu, pengine na sakitu, maua ni Novemba mpaka Aprili. Wao walipitia Chimala kwenye zile kona Hamsini na Saba. Mi nimezoea reli, reli haina kona ya namna ile, niliacha kuangalia nje kwenye kona ya kumi hivi. Kuna mama alisali rozari yote mpaka Matamba.

Juu ni tambarare, zaidi ya mita 2,600, maua mpaka unaogopa kukanyaga. Hifadhi imetangazwa 2005, kilomita za mraba kama 413, na sababu yenyewe ni maua, sio simba sio tembo. Okidi peke yake aina kama 45. Mwalimu akachuchumaa kwenye ua moja akasema wazee, chini ya hili kuna kiazi, kinachimbwa kinapelekwa Zambia kinapikwa na karanga, kinaitwa chikanda. Mi nikashikwa na kitu kifuani. Chikanda nimekula! Kapiri, Mpika, miaka yote ile, tunanunua vipande stesheni tunakula na chai, kitamu kama soseji, na magunia nimeyaona Tunduma yanavuka sikuwahi kuuliza ni nini. Kumbe nilikuwa nakula maua ya Makete. Na ukichimba kile kiazi umeondoa mmea mzima, mwakani hauchanui. Nikawaambia wenzangu pale pale, hamna haja ya kuficha umri huu. Mwalimu hakunisema, akaniuliza tu walikuwa wanauzaje na miaka ipi bei ilipanda, akaandika.

Ila huko huko Kitulo mzee mmoja presha ilipanda, kichwa kinamgonga, na kumbe kwenye Kosta nzima ya watu wenye miaka 60 na kitu hamna mashine ya presha! Yule yule nesi wa kinyonga ndo alikuwa na yake kwenye pochi. Vijana, mashine ile sio ghali, nunueni. Na choo. Kutoka Chimala mpaka juu hatukusimama sehemu yenye choo cha maana, wanaume tunajua tulivyofanya, kina mama waliteseka na wakaona aibu kusema, nasema mimi kwa niaba yao.

Kitu kingine kidogo, wakishika spika wanatuongelesha kwa sauti kubwa polepole kama vile wote viziwi. Na "bibi na babu zetu" kila sentensi. Tuiteni wazee, inatosha, kuna mmoja kule ana miaka 57 amestaafu kwa hiari, mlimuudhi.

Niliwatumia haya yote kwa simu, wakajibu vizuri, wamesema tangazo sasa litaandika mlima ni mgumu kiasi gani. Tutaona. Mwezi ujao ni Kimondo kule Mbozi, pale ni tambarare, chuma cha tani zaidi ya 10 kimelala chini unakizunguka kwa mguu dakika moja, hamna goti litakalolalamika. Nimelipia watu wawili. Mke wangu amekubali kuja kwa sharti moja, nimpigie kwanza mwalimu nimuulize choo kiko wapi.