Kikundi cha supavisheni kwa sisi wa ustawi, nimemaliza miezi mitatu

Wenzangu wa ustawi wa jamii mnaoulizia hiki kikundi cha supavisheni ya wenyewe kwa wenyewe hapa Morogoro, yaani kusaidiana kutazama kazi zetu tunavyozifanya, mi nimemaliza miezi mitatu, tuko sita, tunakutana kila baada ya wiki mbili Jumatano saa kumi jioni, elfu tano kila mmoja ya ukumbi na chai, na kiukweli hela yangu sijaijutia hata kidogo.

Supavisheni tuliyozoea ofisini ni bosi kuuliza kesi ngapi, ripoti ya robo iko wapi, imeisha. Hapa mmoja analeta kesi, bila majina wala kijiji, anaeleza dakika kumi, halafu dakika ishirini nzima hairuhusiwi kushauri, ni kuuliza tu. Tunafuata ule mzunguko wa Gibbs wa 1988, hatua sita za kutafakari kazi uliyofanya, yaani kilitokea nini, ulijisikiaje, kipi kilienda vizuri kipi hapana, kwa nini, ungefanya nini kingine, na safari ijayo utafanyaje. Chuoni tuliukariri tukaujibia mtihani basi.

Zamu yangu nikaleta kesi ya mama mmoja niliyemwandikia kwenye faili "hatoi ushirikiano". Dada mmoja akaniuliza, wakati unamhoji yeye alikaa wapi? Nikanyamaza. Yule mama alisimama mlangoni muda wote jamani, kiti kilikuwa kimoja na nilikikalia mimi, faili mapajani, naandika tu simwangalii. Machozi yakanilenga palepale na hakuna aliyekimbilia kunipa pole, walinisubiri mpaka nikaongea mwenyewe. Wiki ile ile nikarudi kwake, tukakaa wote wawili mkekani, akanieleza mambo ya mumewe ambayo faili langu halikuwa nayo kabisa.

Kasoro ipo. Siku moja mkuu wa kitengo wa mwenzetu aliomba kukaa asikilize, watu wakaleta vikesi vyepesi vyepesi, hakuna aliyefunguka. Anayekujazia tathmini ya kazi asiingie humo, hilo nimewaambia waandaaji na wamekubali.

Halafu msichanganye, mtoto akiwa hatarini leo usisubiri Jumatano, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi, kikundi ni cha kujitazama wewe ulivyoifanya kazi.

Mi nimeshalipia miezi mitatu mingine. Nafasi zipo mbili, ukija njoo na kesi inayokunyima usingizi, ile uliyofanya vizuri iache ofisini.