Nyumba ya kupanga Dar es Salaam: miezi ya kutafuta, kuanzia ulio bora hadi wa kuepuka

Nyumba niliyowahi kupanga Tabata niliiona mwezi wa nane. Rangi mbichi, upepo wa kusi unapita dirishani, uwanja umefagiliwa hadi unang'aa. Nikalipa kodi ya miezi sita wiki hiyohiyo, na ilipoisha nikaongeza mingine sita. Masika yakanikuta ndani. Usiku mmoja wa Aprili maji yalipanda kutoka kwenye karo, yakaingia chooni, yakafika sebuleni. Siku mbili baadaye nilivuta kabati ili nikaushe ukuta. Rangi ilikuwa imebanduka kama ganda la yai, na chini yake kulikuwa na mstari wa kahawia, juu kidogo ya soketi. Aliyekaa kabla yangu alishayaona hayo yote, na mwenye nyumba pia.

Tangu hapo, ndugu au rafiki akiniuliza aanze lini kutafuta nyumba, jibu langu ni hili: tafuta wakati nyumba haiwezi kukuficha kitu. Nimeipanga miezi kwa kigezo hicho kwanza, halafu bei, halafu wingi wa nyumba zilizo wazi.

1. Aprili hadi katikati ya Mei

Wengi hawapendi kuhama kipindi hiki, na sababu zao ni za kweli: matope, foleni, godoro kulowana. Lakini ndiyo maana mwenye nyumba iliyo wazi anakusikiliza. Nenda mvua ikiwa imetoka kunyesha. Angalia silingi kama ina duara za kahawia, fungua makabati ya jikoni unuse, simama chooni uone kama maji yanashuka au yanagoma. Halafu toka nje uangalie barabara. Nyumba inaweza kuwa kavu kabisa huku njia ya kuifikia imegeuka mto, na bodaboda anakushusha mita 300 kabla ya geti.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaihesabu. Mwezi unaoingia kwenye nyumba ndio unaopanga miezi utakayolipa tena. Ukianza mkataba wa miezi sita Aprili 1, malipo yanayofuata ni Oktoba 1, kisha Aprili tena. Hutakutana na Januari, mwezi wa ada, sare na madaftari. Kwa mwenye watoto wa shule hilo peke yake linatosha kuvumilia matope.

Kwenye bei, nenda na hesabu. Chukua chumba na sebule cha shilingi 250,000 kwa mwezi. Ukiomba akupunguzie 20,000, kwa mwaka mzima anaachia 240,000. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, amepoteza 250,000. Mweleze hivyo kwa heshima, tena uso kwa uso, si kupitia dalali. Akikataa kushusha, omba kingine: akubali miezi mitatu badala ya sita, au akutenganishie mita ya LUKU, au aezeke upya panapovuja kabla hujalipa. Kabla hujalipa, nasisitiza. Hela ikishaingia mfukoni mwake, fundi atakuwa "anakuja kesho" hadi mkataba uishe.

Kuhamia siku hizo, kodi kirikuu yenye turubai na uanze saa kumi na mbili asubuhi. Vitu vya umeme vifungwe kwenye nailoni kimoja kimoja.

2. Mwisho wa Januari na Februari

Hapa napo pazuri. Nyumba zilizoachwa mwishoni mwa Desemba na hazijapata mtu zinaanza kumuumiza mwenyewe, kwa sababu naye ana ada za kulipa. Ni mwezi wa joto kali pia, na joto ni kipimo. Ingia chumba cha kulala saa tisa alasiri, funga mlango, kaa dakika kumi. Kama dirisha linatazama ukuta wa jirani na bati halina silingi, utajua kwa nini feni ya mpangaji aliyetoka haikuzimwa. Usichokiona Februari ni maji ya mvua, kwa hiyo itabidi uulize.

3. Juni na Julai

Kwa wingi wa nyumba, kipindi hiki hakina mpinzani. Mikataba mingi ya Januari hadi Juni inaisha, mwaka mpya wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, watumishi wanahamishwa, shule zina likizo. Hali ya hewa ni ya kuhamia: baridi ya Dar, ardhi kavu. Tatizo ni kwamba wote mmetoka kwa pamoja. Utaona nyumba nzuri Kijitonyama saa nne, na saa nane dalali anakupigia kuwa kuna mwenye hela mkononi. Wakati mwingine ni kweli. Usilipe kwa hofu hiyo. Dalali anapata kodi ya mwezi mmoja kutoka kwako, na kuamua haraka ni faida yake kuliko yako.

4. Agosti na Septemba

Bei ni za kawaida, nyumba zipo, na kila nyumba inapendeza. Hapo ndipo niliponaswa mimi. Ukitafuta miezi hii, tafuta kama mpelelezi.

5. Oktoba hadi Desemba

Wa mwisho, hasa ukitaka Sinza, Msewe, Changanyikeni au Makongo. Vyuo vinafunguliwa, wanafunzi wanachanga watatu kwa chumba, na mwenye nyumba hana sababu ya kukupunguzia. Mbali na vyuo, Oktoba si mbaya. Desemba ndiyo mbaya: wenye nyumba na madalali wako mikoani kwa sikukuu, wewe mwenyewe hela imegawanyika, na ukisaini Januari 1 umejifunga kulipa kodi pamoja na ada kila mwaka. Vuli nayo isidharauliwe. Mafuriko makubwa ya Desemba 2011, yaliyowaondoa watu wa bondeni Jangwani na wengine kupelekwa Mabwepande, hayakuwa ya masika.

Kama huna uchaguzi wa mwezi

Uhamisho haungoji Aprili. Basi siku ya kuangalia nyumba, usiishie kwa dalali. Nenda genge la jirani, nunua nyanya, msalimie mama, kisha muulize: "Mama, masika yaliyopita maji yalifika wapi?" Usimuulize kama huwa yanafika; muulize yalifika wapi. Atakuonyesha kwa mkono, mara nyingi kwenye ukuta wa mtu. Muulize bodaboda wa kijiweni mvua kubwa ikinyesha huwa anawashusha watu wapi. Ukiwa ndani, sogeza kilichoegemezwa ukutani, piga mlango wa mbao kwa chini kabisa kwa kidole usikilize kama umeoza. Angalia kama soketi zimepandishwa juu kuliko kawaida, na kama kizingiti cha mlango kimejengewa tofali la ziada. Hakuna anayejenga kizingiti cha kuruka kwa ajili ya urembo. Ukikikuta, muulize mwenye nyumba mbele ya mpangaji mwenzako wa jirani, uone nani kati yao anaangalia chini.