Saladi bila udongo: ununue nini cha kuoteshea?

Kwa anayelima saladi kibarazani, Dar au Mombasa, ningesema aanze na kokopiti, lile vumbi la makumbi ya nazi linalouzwa kama tofali. Tofali la kilo 5 likilowa hufura hadi lita 70 hivi. Linashika maji, na mizizi bado inapata hewa.

Ila kagua kabla ya kulipa. Makumbi yana chumvi. Walioona yanavyofukiwa ufukweni Unguja miezi kadhaa kabla ya kusokotwa kamba watanielewa. Muuzaji akisema limeoshwa, omba konzi moja, lilowe, kamua, kisha kwa kipima EC, kifaa kinachopima chumvi iliyoyeyuka majini, linganisha maji uliyokamua na maji yale yale kabla ya kulowekea. Namba ikiruka juu, bado lina chumvi.

Hata lililooshwa linanyang'anya mmea madini ya kalsiamu. Liloweke usiku kucha kwenye maji yenye mbolea ya kalsiamu naitreti, asubuhi lisuuze. Mimi niliwahi kuiruka hatua hiyo. Mmea kwa nje ulipendeza, lakini nilipofunua katikati, vile vijani vichanga vilikuwa vimeungua kingo, kahawia kama karatasi iliyopitiwa na moto. Trei nzima ikaenda kwa kuku, na mteja alikuwa anasubiri. Iliniuma sana.

La pili ni pumisi, mawe mepesi ya volkano. Ukiwa Naivasha au Arusha, huenda hata likawa la kwanza kwako. Halishiki maji kama kokopiti, lakini unaliosha na kulitumia msimu baada ya msimu. Mimi huchanganya sehemu 7 za kokopiti na 3 za pumisi, na sijaona saladi ikikaa vizuri zaidi ya hapo.

Rokwuli, nyuzi laini za mawe yaliyoyeyushwa, inafaa mfumo wa mabomba, kwa sababu haimwagi uchafu wa kuziba pampu. Ikiwa mpya pH yake, yaani kipimo cha uchachu, hufika 7 hadi 8, kwa hiyo iloweke kwanza kwenye maji ya pH 5.5. Haiozi ukiitupa, na kwa miche michache sioni haja ya kuinunua.

Maganda ya mpunga ni rahisi kupatikana Kyela, Morogoro au Mwea. Chukua yaliyochomwa yakawa meusi. Mabichi huja na punje zinazoota na kuita panya.

Mchanga nauweka mwisho: mzito, na hewa ni haba. Ukikosa vyote, tafuta wa mtoni uuoshe. Wa baharini usiuguse.