Glen or Glenda au Plan 9: uanze na ipi?

Wapenzi wa filamu za Ed Wood, mwongozaji wa Marekani, hawaishi kubishana uanze na ipi kati ya hizi. Kwa gharama hakuna mshindi, zote mbili ni za kuungaunga. Kwa hadithi, Plan 9 from Outer Space (1959) inafuatika zaidi, ingawa mwigizaji wake Bela Lugosi alifariki 1956 kabla haijakamilika na aliyeshika nafasi yake anajiziba uso kwa joho. Mkiwa wengi sebuleni, wekeni hiyo.

Glen or Glenda (1953) imevurugika. Kundi la nyati linakatiza bila sababu. Lakini ina moyo. Wood, aliyependa kuvaa nguo za kike, ndiye anayeigiza Glen, mwanamume mwenye mapenzi hayo hayo. Mchumba wa Glen anapovua sweta yake ya angora (sufu laini ya sungura) na kumkabidhi, mimi hunyamaza kabisa. Ukitaka kumjua Wood mwenyewe, itazame hii, tena peke yako.