Poirot wa David Suchet: sehemu 70, na pa kuanzia

Nimeitazama tamthilia ya Poirot yote, misimu 13 kuanzia 1989 hadi 2013, vitabu vya Agatha Christie vikiwa pembeni. Kwangu hakuna aliyemvaa mpelelezi yule Mbelgiji kama mwigizaji David Suchet. Ila usiingie popote tu. Wengi hukimbilia mauaji ya kwenye treni ya Orient Express kwa kuwa jina wanalijua. Toleo lile la 2010 ni zito, limejaa sala na hasira, na uzito wake huupati kama hujamzoea Poirot akiwa mchangamfu.

Anza na sehemu ya kwanza kabisa, ya mpishi wa Clapham. Haifiki saa moja. Poirot anakataa kesi moja baada ya nyingine, zote anaziona ndogo kwa hadhi yake. Mara anaingia mama wa mtaa wa kawaida, anataka atafutiwe mpishi wake aliyetoweka. Akikataliwa hanyamazi: anamwambia kwamba mpishi mzuri akikupotea, uchungu wake ni uleule wa tajiri aliyepotelewa na lulu. Mwangalie Suchet usoni hapo. Anatulia, anayapima maneno, kisha anakiri kwamba mama yule ana haki. Majivuno ya Poirot na uungwana wake umeviona vyote kwa mara moja.

Misimu ya mwanzo ni ya hadithi fupi zaidi, na utamu wake ni watu wanne: Poirot, rafiki yake Kapteni Hastings, Inspekta Japp wa polisi, na katibu wake Miss Lemon. Aliyekua na Bwana Msa na Najum wa riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla atajisikia nyumbani. Vitabuni Hastings anahamia Argentina mapema. Kwenye tamthilia wamembakiza, na wamefanya vizuri, maana Poirot asipokuwa na wa kumweleza mawazo yake, mtazamaji naye anaachwa gizani. Baada ya filamu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenzake hawa watatu wanatoweka hadi msimu wa mwisho, na pengo lao linaonekana.

Kasoro kubwa ni wakati. Christie alimwandika Poirot tangu 1920 hadi miaka ya 70, lakini hapa karibu kila kitu kimesukumwa kwenye miaka ya 1930. Majengo, magari na suti zinapendeza sana, ila Third Girl, riwaya ya 1966 kuhusu vijana wa London ya wakati huo, imebaki bila roho yake.

The Murder of Roger Ackroyd soma kwanza kitabu. Nguvu ya riwaya ile imo kwenye kalamu ya anayesimulia, na kamera haina namna ya kuficha kile ambacho kalamu inaweza kukiruka. Watengenezaji wakajazia kwa bastola na kufukuzana mwishoni. Kinyume chake ni Five Little Pigs ya 2003, bora kuliko zote kwa maoni yangu. Kesi ni ya zamani, mashahidi ni watano, na kila mmoja anaikumbuka siku ile kwa namna yake. Kitabuni mke wa mchoraji, aliyehukumiwa kwa kumuua mumewe, anafia gerezani. Kwenye filamu ananyongwa. Badiliko hilo nalikubali, kwa sababu ukweli atakaouchimba Poirot hauwezi tena kumwokoa mtu.

Kuhusu picha: misimu ya zamani ilipigwa kwa umbo la 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu. Runinga nyingi za sasa huivuta ijaze skrini, na kichwa cha Poirot, ambacho Christie amekifananisha na yai, kinabonyea na kupanuka. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua 4:3, uache weusi pembeni. Washa pia maandishi ya chini, kwani Poirot huchanganya Kifaransa na lafudhi yake hukimbia. Filamu ndefu za mwanzo, kama Peril at End House, kuna nakala zilizozikata vipande viwili, kwa hiyo namba za orodha moja hazilingani na za nyingine, fuata majina.

Sehemu iitwayo Curtain iwe ya mwisho kabisa, hata ukitamani vipi. Hastings anarudi pale, kwenye nyumba ya Styles ambako vitabuni yeye na Poirot walianzia, na Poirot yuko kwenye kiti cha magurudumu.